Gari Lililokaa Kakuma

Mama Akiru mpendwa,

Ejok. Nakusalimu kwa salamu ya kwenu, maana ile ya kwetu Taita hukuipenda. Ulisema ni ndefu mno, na mtu anaweza kuungua jua kabla haijaisha. Nimerudi Lodwar jana kutoka Kakuma, na hakuna mwingine ninayeweza kumweleza nilichokifuata huko. Nilikwenda kununua gari.

Usicheke kwanza. Ni lile gari jeusi la Baba Achol, lile uliloliita benzi, ingawa nilikueleza mara nyingi kwamba si benzi, na kwamba watu wa huku huita benzi kila gari refu jeusi lenye viti vya ngozi. Lipo nyuma ya duka lake kambini kwa wakimbizi, juu ya matofali, mwaka wa tatu sasa haliwaki. Baba Achol anarudi kwao. Nchi yake imekwisha kupata uhuru, naye anauza kila kitu: friji, mizani, rafu za duka, hata bati la kibaraza. Kwa gari, alinipigia simu mimi kwanza.

"Ustaz," alisema, maana unajua hajawahi kuniita mwalimu, "gari haijakufa. Imekaa tu. Wewe na mama mlipanda hii gari. Nitampa nani mwingine?"

Unanijua. Siwezi kuliacha neno lipite bila kulifungua na kutazama ndani. Kukaa ni kitenzi kilichobebeshwa mizigo mingi kuliko punda wa kuhama. Mtu hukaa kitini. Hukaa Lodwar. Hukaa kimya. Shuka nzuri hukaa miaka mingi. Msiba ukiingia nyumbani, watu hukaa matanga. Baba Achol alikuwa na maana ipi? Nililizungusha neno hilo kichwani wiki mbili nzima, na kila nilipolizungusha nilikuona wewe kwenye kiti cha nyuma.

Unaikumbuka ile asubuhi ya harusi ya Akiru? Baba Achol alikuja na gari kutoka Kakuma kwa mwendo wa kobe, akilihurumia kila shimo, likafika limekuwa la rangi ya mchanga. Akaliosha mwenyewe kwa madumu mawili ya maji na majirani wakamlaani kwa ubadhirifu. Bibi harusi alipelekwa kwanza, kisha gari likarudi kutuchukua sisi. Ulikaa upande wa kushoto, shanga zako zote shingoni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Baba Achol akafunga madirisha, akabonyeza kitu, na ile baridi ikaanza kutoka. Ukainua kiganja ukakiweka mbele ya kile kitundu, ukakigeuza, ukaweka na upande wa pili. Kisha ukaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, hii ndiyo Taita?"

Miaka yote nilikuwa nimekusimulia ukungu wa milima yetu, na jinsi watu wanavyovaa sweta mchana, nawe ukisema walimu ni waongo wenye vyeti. Nikakuambia ndiyo, Taita ndivyo ilivyo, lakini na kijani.

"Mwambie azunguke tena."

Tulipita kanisa. Tukaenda mpaka darajani Kawalase, tukarudi, ukasema tena, tukaenda tena. Mara tatu! Mchungaji amesimama mlangoni, kwaya imerudia wimbo uleule hadi sauti zimekauka, na mama wa bibi harusi anakula baridi barabarani. Tuliposhuka ulisema, "Siku umestaafu utanipeleka kwenyu na hii benzi. Nikae na sweta." Nami nikajibu, "Kwenu, si kwenyu. Tena kwetu, kwa sababu ni kwangu na kwako." Ndivyo nilivyojibu. Badala ya kusema tutakwenda, nilisahihisha.

Nilipostaafu, hatukwenda. Kulikuwa na mjukuu, kisha ukame, kisha miguu yako ikaanza kukusumbua.

Akiru anasema nimechanganyikiwa. "Baba, hiyo ni chuma tu. Nunua tangi la maji." Yeye anajua fedha nilizotaka kutumia ni zipi, na ndiyo maana alizungumza polepole. Ni zile za Eldoret, tulizoziweka kwa ajili ya matibabu yako. Zimo kwenye mkebe wa majani ya chai, kama ulivyoziacha. Nimenunua unga kwa pensheni, nimenunua dawa ya macho kwa pensheni, zile sijazigusa. Kila kitu kinachouzwa hapa mjini nimekitazama na kujiuliza kama kinafaa kununuliwa kwa fedha ambazo zilikusudiwa kukununulia wewe uhai. Hakuna kilichofaa. Halafu Baba Achol akapiga simu.

Nilijitengenezea hoja, kwa kuwa mtu aliyesoma hakosi hoja. Nilisema: mafuta yamegunduliwa Turkana, lami itakuja. Nilisema: sasa tuna serikali ya kaunti, wakubwa wapya wanaoana kila Jumamosi, gari la harusi litapata kazi. Nilisema: fundi atapatikana. Nilizipanga hoja hizo vizuri kama insha ya mtihani, nikapanda lori la unga, nikaenda.

Njiani nilimkumbuka baba yako.

Wajukuu hawaijui hadithi ile, wewe ndiye uliyekuwa ukiisimulia vizuri. Nilikuwa kijana wa kutoka mlimani, nimetumwa kutafuta mbuzi wa mahari, nami nisijue mbuzi ila kwenye kitabu cha picha. Nilikwenda Lokiriama nikafika adhuhuri. Mbuzi wamekaa kivulini, mistari kwa mistari, watulivu kama darasa wakati wa ukaguzi. Nilipendezwa na adabu yao. Nikawahesabu walivyokaa, nikawalipia walivyokaa. Waliposimamishwa ili waondoke, mmoja hakusimama. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imekufa. Mwuzaji akaniambia, "Lakini alikuwa amekaa vizuri, si uliona?"

Niliwafikisha kwenu, huyo mmoja nimembeba mabegani. Baba yako alicheka mpaka akashika kigoda chake kwa mikono miwili. "Mwalimu amenunua mbuzi aliyekaa!" Kisha akanifundisha, nami sijawahi kumfundisha mtu somo lolote kwa ufasaha kama wake: mnyama husimamishwa kwanza, halafu hutembezwa, halafu ndipo mdomo wa mnunuzi hufunguka. Mbuzi alichinjwa jioni ile. Mzee akanipa mguu wa nyuma, akasema huo ni wangu, nimeulipia.

Na wewe uliniadhibu kwa miaka yote ya ndoa yetu. Nikileta redio: "Mwalimu, imesimama?" Nikileta baiskeli: "Imesimama?" Nilipokuja na karatasi ya kiwanja chetu uliniuliza pia, na nilipokueleza kwamba kiwanja hakisimami ukasema, "Basi kimekukalia wewe."

Kwa hiyo unaona nilivyofika Kakuma, na kauli ya baba yako mdomoni. Baba Achol alinipokea kwa chai na mikono miwili. Alikuwa amemwita fundi Mbuyi, Mkongo mmoja mpole anayetengeneza jenereta za kambi. Nikasema, "Lisimamisheni kwanza." Baba Achol akaelewa kwamba nataka liondolewe kwenye matofali. Mbuyi alikuwa tayari ameinama ndani ya boneti. Aliingiza spana, akavuta kwa uzito wake wote, akaiachia.

"Papa," akasema, "hii moteri ilishaga kufa. Imeshikana yote. Mchanga ulikunywa mafuta."

"Wewe Mbuyi, nilikuita utengeneze ama uhubiri mazishi?" Baba Achol akamkemea. "Mwambie Ustaz ukweli!"

"Ukweli ni ule."

Mbuyi alieleza kwa subira, nami napenda mtu anayeeleza kwa subira. Vipuri havipo Kakuma, havipo Lodwar, na hata vikiletwa kutoka Nairobi, chumba cha injini kimeliwa na kutu. Nilimwelewa neno kwa neno. Hata hivyo nikaomba nikae ndani.

Nilikaa upande wangu wa kulia na kuuacha wako wazi. Ngozi ya kiti imepasuka, kuku ametagia mayai hapo, manyoya yake yamebaki. Nilifunga mlango. Madirisha hayashuki. Niliinua kiganja nikakiweka mbele ya kile kitundu, na humo mlikuwa na utando wa buibui, nao haukutikisika. Jasho likaniingia machoni. Nilikaa humo kwa muda ambao Baba Achol aliona umezidi, akaja kugonga kioo.

Nilipotaka kutoka, sikuweza. Kiti kile ni cha chini, na magoti yangu si yale ya harusi. Nilijaribu mara mbili. Wakanishika, mmoja huku na mwingine huku, wakanivuta kama ng'ombe aliyezama matopeni.

"Gari inakupenda, Ustaz," Baba Achol akacheka. "Haitaki kukuacha!"

Sikucheka. Nilikuwa nimekusikia wewe.

Sasa nifike pale ambapo barua yote hii imekuwa ikipakwepa. Tulikuwa tusafiri Eldoret siku ya Alhamisi. Jumatatu asubuhi ulijaribu kushuka kitandani, ukashindwa, ukajaribu tena, ukabaki umekaa ukingoni na mikono juu ya magoti. Ukanitazama na lile tabasamu la kunichokoza, ukasema:

"Mwalimu, sasa mimi ndiyo ile mbuzi."

Nami nikajibu, "Ndiye, mama Akiru. Ndiye yule mbuzi."

Nilikusahihisha sarufi. Naapa mbele ya Mungu, hilo tu ndilo nililokuwa nikifanya. Ulimi wangu ulikwenda kwenye kosa kama kalamu nyekundu, kwa mazoea ya darasani, kabla moyo haujasikia ulichosema. Lakini mtu mwingine yeyote angesikia kwamba umeniuliza swali nami nimekubali. Tabasamu lako lilitoweka. Ukasema, "Ehe. Ndiye." Ukalitamka sawasawa. Ukalala, ukageukia ukuta. Jumanne ukaondoka.

Nimeeleza mambo mengi maishani mwangu, na watoto wa watu wamefaulu. Lile sikupata nafasi ya kulieleza. Nilidhani nikilipata lile gari, likawaka, likazunguka hadi darajani na kurudi, kungekuwa na mahali pa kusema nilichopaswa kusema. Ndiyo hoja yangu ya kweli. Zile za lami na harusi zilikuwa mapambo.

Baba Achol aliniuliza mara ya mwisho, tukiwa tumesimama juani. "Sasa, Ustaz? Imekaa tu, ama?"

"Imekaa," nikamwambia. Sikumsahihisha. "Sitaichukua."

Hakukasirika. Alisema basi, khalas, atawaita wakata vyuma. Kiti cha nyuma kimeshatakiwa na mwenye hoteli mmoja, atakiweka ukutani wateja wanywee chai. Alinipa nafasi nichukue hicho kiti peke yake, bure, kwa ajili yako. Nilifikiria nitakiweka wapi, na nani angekaa upande wa kushoto. Nikamshukuru.

Fedha nimezirudisha kwenye mkebe wa chai. Akiru akiniuliza tena kuhusu tangi nitamwambia sijui, na sijui kweli. Jua la Lodwar ni lilelile. Nimekaa mezani, nimekaa kimya, nimekaa katika nyumba yetu; lichukue neno kwa maana yoyote upendayo, zote ni za kweli.

Pumzika huko uliko, na kama kuna baridi, omba sweta. Huku hakuna anayeniuliza tena kama nilichonunua kimesimama. Mimi ndiyo ile mbuzi, mama Akiru. Usinisahihishe.

Mwalimu wako.