Seli Zisizongoja Kuambiwa

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, 13 Aprili

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Goti limekuacha ulale? Sisi tu wazima, ila Mama anasema ukizidi kunyamaza atakuja kukufuata mwenyewe, na unajua hatanii.

Baba Mkubwa, baba yako, naye hajambo, isipokuwa macho. Juzi nilipoingia alinikaribisha akidhani ni fundi bomba. Tulicheka wote, kisha nikaenda jikoni kulia.

Unajua kazi yangu maabara ni kulisha seli shina za kiinitete, zile changa ambazo bado hazijawa ngozi wala mshipa. Hazibaki changa hivihivi. Kila siku tunazipa protini inayobeba ishara: inabisha hodi kwenye ukuta wa seli, na habari inapita hadi ndani kwenye kiini, kwamba jigawe, ubaki ulivyo. Ishara ikikatika, zinaanza kubadilika. Seli za jicho la Baba Mkubwa zitatoka humo.

Ijumaa, tarehe 4, nilishika kimakosa chupa isiyo na protini hiyo, nikazilisha. Haraka haraka haina baraka, najua. Jumatatu nikatazama kwenye darubini nikitarajia kukuta zimegeuka. Kaka, zilikuwa vilevile, changa, tena zimejaa kisahani. Nikazinyima siku nne zaidi, safari hii makusudi. Hazikujali.

Seli inayozaana bila kuambiwa haisikii hata ikiambiwa iache. Ukiipanda jichoni italeta uvimbe. Naogopa.

Nilimweleza bosi wangu. Akatabasamu. "Utakuwa uliiweka ukasahau. Andika uliweka, tuendelee." Nilikataa. Jana ufunguo wangu haukufungua mlango wa maabara, na simu ninayotumia ni ya kazini, huenda wanasikiliza, ndiyo maana barua hii nimempa jirani anayesafiri kesho.

Upasuaji ni Ijumaa. Nimemsihi Baba Mkubwa, hasikii la mtu. Anataka kuuona uso wa mwanao, na shati la siku hiyo ameshalichagua.

Msalimie wifi yangu, umbusu mtoto. Mungu awafunike.

Mpigie baba yako, Kaka, atakusikiliza wewe. Mwambie asiende. Akiuliza nani kasema, mwambie ni yuleyule aliyemshika mkono, akamwekea kalamu penye mstari wa fomu ya kukubali upasuaji, naye akatia saini.

Wako akupendaye,
mdogo wako, Chiriku