Nyumba Yetu ya Kushirikiana

Hemani, Uwanja wa Maonyesho,
Hobart, Tasmania.
9 Juni 2019

Mpendwa mdogo wangu Thelma,

Hamjambo huko Kalgoorlie? Goti la Merv limepata nafuu? Mimi najikongoja. Clem ndiye kifua hakimwachii. Baridi ya mlimani inapenya turubai hili kama halipo.

Umeuliza kwa nini tumehama. Darcy, mtoto wa marehemu mwenye nyumba wetu, alikuja na keki, akasema nyumba inaingia kwenye "uchumi wa kushirikiana". Nikamwambia, "Vizuri mwanangu, tushirikiane."

Akacheka. "Siyo hivyo, mama. Maana yake, mtu mwenye kitu kisichotumika anawapa wageni wakitumie kwa muda, wanalipa, na wanakutana kwenye simu."

"Hapa kisichotumika ni kipi?" nikamuuliza, na aproni kiunoni. Akaitazama keki yake.

Sisi tulijua kushirikiana ni Beryl wa jirani kuazima mashine yetu ya kukata nyasi na kuirudisha na ndoo ya matunda ya plamu. Tumetafuta nyumba, Thelma, mpaka viatu vimekwisha. Zote ni za watalii.

Nikapata kibarua cha usafi, nacho huja kwa simu. Wiki iliyopita simu ikanituma nyumba fulani. Kusoma anwani, ni kwetu! Nikaenda na Clem, walau aoge maji ya moto, kifua kilegee. Alikuwa bafuni anaimba wageni walipoingia mapema, kijana na mkewe kutoka Sydney.

"Nani huyo?" mke akauliza.

"Mume wangu."

"Kwani mnaishi hapa?"

"Tangu hujazaliwa!" Clem akapaza sauti kutoka ndani.

Binti akafurahi kweli. "Ndiyo raha ya kushirikiana hii, unakutana na wenyeji!" Akatupikia chai kwa birika langu la zamani.

Kisha akamwandikia Darcy kuwasifu wazee wake wakarimu. Darcy hana wazee. Kibarua kikafa siku hiyohiyo.

Thelma, nakupigia magoti. Mchukue Clem, hata akalale kwenye banda la zana. Mimi nitavumilia hapa. Lakini usimwambie nimekuomba. Mwandikie kwamba uzio wenu umeanguka na Merv hawezi. Akijua anasaidiwa, hapandi ndege ng'o.

Nisalimie Merv, na Glenys na wanawe. Mungu awafunike nyote, nasi atukumbuke kabla ya theluji.

Dada yako asiyeacha kukupenda,
Noeline