Ule Mstari Mwekundu wa Baba Yako

Mpendwa mwanangu Kiprono,

Chamgei, mwanangu. Huku nyumbani wote wanakusalimia. Kogo wako ndiye wa kwanza, amesema nyanya hawezi kutajwa nyuma ya watu. Miguu bado inamsumbua lakini mdomo hauna shida. Dada yako Chelangat anakusalimia, pamoja na mtoto wake, ambaye sasa anatembea akishika ukuta na anaita kila mwanaume aliye kwa picha mjomba. Jirani yetu Mama Wanjiku anakusalimia, anauliza kama huko Uarabuni mnapata sukuma wiki. Ndugu yako Kibet anakusalimia. Hapana, nisikudanganye, Kibet hajasema. Tangu mgombane juu ya kuuza gari ya marehemu baba yenu, jina lako halitaji, lakini nikilitaja anaacha kutafuna ili asikie.

Mvua iko, chai inatoa majani vizuri. Mimi ndiye siko sawa. Nimejaribu simu yako, inasema haupatikani, kwa hivyo Chelangat atapiga hii karatasi picha akutumie, ukipata mtandao uisome. Usicheke mwandiko. Shule niliacha mapema, unajua.

Jumamosi tunaenda koito ya Kibet huko Siongiroi, kwa kina Chepkirui mchumba wake, kuongea mahari. Kibet amekataa tukodi gari. Anataka wakwe wasikie ile ya baba ikiingia, ile ya mbio, na kelele yake yote. Ndani tutakuwa Kogo, mimi na baba yako mdogo, na Kibet kwa usukani. Na hiyo gari, Kiprono, imeanza tena kulia kama ile siku.

Unaikumbuka ile siku? Tulikuwa tunapanda kilima, wewe nyuma umeshika shingo yangu, Kibet bado mdogo nimempakata, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, katikati ya miguu. Injini ikaanza kupasuka pasuka ndani, kama mahindi kwa kikaango. Baba yako akasema, "Hiyo si sauti nzuri," lakini alikuwa ameshatoka kupita lori la chai. Ikazima. Usukani ukawa mgumu, breki ikawa kama jiwe, na gari ingine inakuja mbele yetu. Sijui alipitia wapi. Nilifungua macho tuko ndani ya majani chai ya watu, Kibet analia, na wewe unaniuliza, "Mama, maziwa imemwagika?" Nilikuchapa na nikakukumbatia kwa mkono huo huo mmoja.

Ilikuwa taiming, ule wakati wa plagi kuwasha moto. Baba yako alihangaika nayo wiki nzima pale nyuma ya boma. Akimulika na ile taa yake ya kupima taiming, alama ya puli inakaa pale inatakiwa. Taa inasema sawa, gari inasema si sawa. Ndipo akaja jikoni akachukua sosiot yangu, kile kijiti cha kuoshea vibuyu! Akaichonga nyembamba, akatoa plagi ya kwanza, akaiingiza kwa lile tundu, na wewe ukawa unazungusha injini polepole na spana. Sosiot ikapanda na pistoni, ikapanda, ikafika juu kabisa ikasimama. Akaangalia alama ya puli, iko kando. Nakumbuka alivyocheka. "Mama Kiprono, ni puli imetudanganya!" Mimi nikamjibu, "Na wewe umenidanganya, hiyo sosiot sasa itaosha nini?" Maziwa ilinuka petroli na sikumsamehe haraka.

Wewe ulieleweshwa vizuri, mimi nilisikia tu nikichagua maharagwe. Kwamba puli ni vyuma viwili na mpira katikati. Cha ndani kimefungwa kwa injini, cha nje ndicho kina alama. Mpira ukichoka, cha nje kinateleza peke yake, na ukiweka taiming kwa hiyo alama unaweka uongo. Akatafuta puli nyingine, akachukua rangi nyekundu ya kucha ya Chelangat, akapaka mstari mmoja kutoka chuma cha ndani, juu ya mpira, mpaka nje. Akakuambia, "Huu mstari ukikatika, usiamini taa." Kibet hakuwa amejua hata kuongea.

Sasa wiki hii Kibet ameosha injini kwa ajili ya wakwe. Mafuta taa na brashi ya waya mpaka inang'aa kama sufuria. Nikamuuliza, "Ule mstari wa baba yako uko wapi?"

"Mstari gani? Mama, ile ilikuwa uchafu."

Amepaka alama mpya nyeupe, ya nje peke yake, na ameweka taiming na hiyo. Nimeinama nikaangalia. Kwa chuma cha ndani rangi nyekundu imebaki kidogo, na haiko karibu na hiyo nyeupe. Nikamwonyesha. Ati ni kutu. Jana ameipeleka kilimani nikasikia mahindi. Nikamwambia, akanicheka, "Hiyo ni turbo, mama. Gari ya mbio lazima iongee." Kogo naye anasema atapanda, akifa kwa gari ya mwanawe atakuwa amekufa amekaa vizuri. Wanacheka wote. Mimi silali, sili, nikisikia lori huko barabarani natoka nje kuangalia.

Pengine ni kutu kweli. Mimi ni mama tu, sijui injini. Lakini wewe unajua, na ulishika ile spana. Kibet hawezi kunisikia mimi. Wewe atakusikia, hata kama atajifanya hasikii. Usimwambie ni mimi nimesema. Usimwambie gari iuzwe. Mwambie tu atoe plagi apime kwa sosiot pale pistoni inafika juu kabisa, kabla ya Jumamosi, vile baba alifanya na wewe.

Sosiot mpya iko, nimeichonga mimi mwenyewe, nimeilaza juu ya boneti. Safari hii sitagomba.

Nijibu upesi, mwanangu, hata kama ni neno moja, hata ukiwa kazini. Kama halitafika, ujue nitapanda hiyo gari hivyo hivyo. Nitakaa mbele, karibu naye. Siku ile nilikuwa nimempakata, siwezi kumwachilia sasa juu amekuwa mkubwa.

Mungu akulinde huko, na kwa huyu wa huku unisaidie kumlinda.

Ni mimi mama yako,
Mama Kiprono, na Mama Kibet pia.