Mke Wangu Anamwambia Mungu Asiyoniambia Mimi

Mama mshauri mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, uliza Endabash yote, chui nilimchoma mkuki peke yangu na visiki vya shamba hili nimeng'oa kwa mikono hii, lakini hili limenishinda, na usije ukaniambia nina wivu maana wivu ni wa vijana.

Mke wangu Lukresia, niko naye tangu kabla ya Uhuru, ana mazoea yake, ng'ombe wakishatoka anakwenda nyuma ya nyumba kwenye minyonyo anakaa juu ya gogo, na mimi siku moja nikasikia anaongea, anacheka, nikajua tayari kuna mwanamume, nikachukua fimbo nikatambaa ndani ya mahindi kwa tumbo kama nilivyomnyemelea yule chui, nafika, mwanamume hakuna, ni yeye anasali, na wala si Baba Yetu wala rozari, ni Kiiraqw cha jikoni, mara anacheka, mara ananyamaza kama mtu anayejibiwa. Mama, heri ningemkuta mwanamume, huyo ningejua pa kumpiga.

Hapo ndipo nikasikia anamwambia Mungu goti linamuuma tangu masika, kushuka mtoni ni taabu. Mimi ninayelala naye nyumba moja sikujua. Ng'ombe wangu kila kovu nalijua, goti la mke wangu analijua Mungu! Nikatoka kwenye mahindi nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hata hakushtuka. Akasema, "Baba Tluway, wewe ukiambiwa goti, unaanza kusimulia la kwako."

Nikakasirika, nikaamuru kuanzia siku ile sala ni ndani, jioni, kwa sauti, naongoza mimi niliyebatizwa kanisa likiwa bado la nyasi. Na nasali kuliko katekista, nataja chui, nataja visiki, nataja ukoo wote, wajukuu wanasinzia naendelea tu, lakini mama, sisikii kitu, ni kama kuita ng'ombe wa mtu mwingine. Nikaona labda Mungu anapatikana kwenye lile gogo, nikaenda nikakaa mimi, jua likaniunguza kichwa, wapi.

Sasa Lukresia haendi tena kule, ametii, ila amekuwa kimya, analeta chakula, anasema karibu, basi. Anachechemea bila neno. Mwenzangu Sylvesta alifiwa na mkewe, leo anajikorogea uji una mabonge. Usingizi sina. Nifanyeje Mungu anisikilize mimi kuliko yeye, au nitajuaje walikuwa wanaongea nini?

Ni mimi Piusi, mzee wa Endabash.

JIBU

Shikamoo, mzee Piusi. Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikukemee.

Huo ni wivu, baba, tena wa kumwonea Mungu, na kosa lake ni kwamba anajua kusikiliza. Mkeo alikuwa na mahali pamoja pa kutua mzigo. Umepafunga, halafu unashangaa amenyamaza. Ulitaka aseme nini, na kwa nani?

Sikucheki. Mwanamume asiyemjali mkewe hatambai kwenye mahindi. Na huo uji wa Sylvesta nimeuona: unaogopa kubaki peke yako. Mbona hilo Mungu hujamwambia? Jioni zote unamsimulia chui, na huyo chui Mungu mwenyewe ndiye aliyemuumba.

Goti kwanza. Mpeleke hospitali wiki hii, usingoje mavuno, na maji wateke hao wajukuu. Njiani akieleza linavyomuuma, la kwako lisitajwe hata kidogo. Ukirudi, mbele ya watoto walewale waliosikia amri yako, sema amri imekwisha. Arudi kwenye gogo lake, nawe usikanyage tena kule. Walichoongea si chako. Hata mimi ningekijua nisingekuambia.

Wewe tafuta pako. Zizini panatosha. Ng'ombe wakishatoka, kabla hujazoa samadi, simama hapo kila asubuhi useme jambo moja la kweli, kwa Kiiraqw hichohicho cha jikoni. Sema, "Naogopa Lukresia asije akanitangulia." Kisha nyamaza. Kunyamaza kutakuwa kugumu kwako kuliko visiki. Utaona ni upuuzi na hutasikia kitu, kesho rudi. Mkulima haendi shambani siku anazojisikia tu. Ukimalizia na Baba Yetu, vema. Jioni fupisha, watoto walale, na Lukresia akitaka kuanzisha sala aanzishe, akitaka kukaa kimya mwache.

Na siku Mungu atakapokujibu, mzee wangu, usiende kuyasimulia kilabuni. Hata mimi usiniandikie.