Namba ya Cherehani

3 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila chuo kinanikondesha. Nisalimie shemeji na mama mkwe wako.

Leo nina la kukufurahisha. Unaikumbuka namba iliyo kwenye kibati cha cherehani yako, 5882353? Nimeikata vipande viwili, 588 na 2353. Kila kimoja nikakizidisha kwa chenyewe, nikajumlisha. Lo! Ikarudi 5882353 ileile! Na juu ya hayo, ni tasa. Tasa kabisa, Dada, nimehakikisha mwenyewe! Yaani haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Nimewatambia darasa zima.

Mdogo wako,
Kifungo

20 Aprili

Kifungo, mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kimepoa. Sikukusahau, mkono ulikuwa mzito.

Miwani yangu ilivunjika, basi barua yako akanisomea wifi, sebuleni, watu wote wamekaa. Alipofika "Tasa kabisa, Dada, nimehakikisha mwenyewe," akairudia kwa sauti, kisha akaikunja. Mama mkwe akasema, "Haya, hata ndugu yake kakiri. Mwanangu anasubiri nini tena?" Shemeji yako akatazama sakafu. Sasa wanamtafutia mke mwingine.

Baadaye niliisoma yote, nikakuelewa. Sina kinyongo nawe. Lakini neno likishatoka halirudi.

Dada yako

28 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Naona aibu hata kukuuliza hali. Umenilea tangu mama alipofariki, halafu mimi ndiye niliyewapa fimbo ya kukuchapia. Darasani kwetu neno hilo ni sifa, sikufikiri zaidi. Nisamehe, usingizi umenipaa.

Ila nimepiga hesabu upya, nilikosea. Inagawanyika kwa saba. Si tasa hata kidogo! Wasomee wote, kwa sauti.

Mdogo wako,
Kifungo

9 Juni

Kifungo,

Marahaba, baba. Nimewasomea mwenyewe, kwa miwani mpya. Mama mkwe akadakia, "Saba! Wajukuu saba!" Nikajaribu kumweleza kuwa ni hesabu tu, hakusikia. Habari za mke mwingine zimezimika. Shemeji yako anacheka tena. Kwa hilo, asante.

Jana nilikuwa nagawa vifungo vya mashati, saba kila shati, nikaikumbuka namba. Nikaigawa kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Ikabaki moja. Nikarudia, ikabaki moja. Umesahau ni nani aliyekufundisha kugawa kwa vifungo, ukalia mpaka ukapata jina?

Nimeifuta kabla wifi hajaingia. Mama mkwe ameshaanza kufuma soksi ndogo, za rangi ya manjano. Kila akiniita nizione, roho inanisuta.

Barua ya kwanza uliniandikia kwa furaha, hii ya pili kwa huruma. Ukija likizo nieleze ile ya kwanza, polepole. Mlango tutaufunga.

Dada yako