Onja Mpaka Chini ya Debe

Kabula mjukuu wangu, marahaba. Huku Kwihara hatujambo, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza utaitambuaje memori kadi feki kabla ya kurekodi harusi ya dada yako. Nilipokuwa msichana nilinunua debe la asali baada ya kuonja ya juu, tamu kweli. Nyumbani nikakuta chini ni sukari guru tupu. Tangu hapo nachovya kijiti mpaka chini na kuonja, muuzaji anune asinune.

Nawe usiamini ukubwa ulioandikwa juu ya kadi; ya feki hupokea video zote, lakini za mwisho hazifunguki. Ijaze video mpaka ikatae, kisha zifungue zote hadi ya mwisho. Zikicheza vizuri, nenda nayo.

Usifanye uvivu. Harusini mimi huinuka kucheza mwishoni kabisa, na nataka nionekane.

Bibi yako