Nilimwambia Bi Zerifu Kuwa Hujambo

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini wewe ndiye uliyenilea hivi, salamu kwanza, mengine baadaye. Basi ipokee hukohuko uliko. Baada ya hapo nina ugomvi na wewe.

Miaka tisa umekaa hapa Edmonton, mlango wako unatazamana na wa Bi Zerifu. Yeye Mkurdi, wewe Mdigo wa Tanga, Kiingereza hamna nyote wawili, na kila siku iendayo kwa Mungu mnakunywa chai na kucheka. Mlikuwa mkicheka nini? Nimekipata kile kidaftari chako cha bluu kwenye droo ya vijiko. Nilidhani nitakuta siri zenu zote. Nimekuta salamu tu, kurasa kumi na moja, umeziandika kwa masikio ya Kiswahili: rojibashi, habari za mchana, tu chawa yi, hujambo, ez bashim, sijambo, spasi, ahsante. Na ile dua ya kumsifu mpishi, kwamba mkono wake uwe mzima, hiyo umeipigia mstari mara mbili. Neno la kusema mtu amefariki, hakuna. Yeye ana presha, wewe una sukari, na hata siku moja hamkuona kuwa mmoja wenu atalihitaji?

Nakwambia kilichotokea. Ulipokwenda Tanga kwenye harusi ya Saidi, Bi Zerifu naye alikuwa kwao, kwa binti yake. Wewe ukaugua huko, ukafariki huko, na mimi nikafika umeshazikwa. Yeye akarudi baadaye, bila habari yoyote. Nilikuwa nimetoka shifti, miguu inawaka moto, nikamkuta kwenye ngazi na begi lake. Akanikumbatia. Akaanza kuuliza: mimi, kazi, nyumba. Na mimi naitikia tu, bash, bash, bash. Akauliza, "Diya te?" Mama yako je? Nikasema, bash e. Hajambo.

Mama, si ndivyo tunavyosalimiana? Hata nyumba ikiwa inaungua, mtu akiuliza habari za nyumbani unasema nzuri, ndipo unapoongeza: ila tumepatwa. Mtu wa kwetu anaingojea hiyo "ila". Bi Zerifu atajuaje? Alishapata jibu lake. Akaweka mkono kifuani, akamshukuru Mungu, akaingia ndani. Mimi nikabaki kwenye ngazi na "ila" yangu mdomoni, Kikurdi chake sina.

Tangu siku hiyo sikupumua. Kila tukikutana anauliza unarudi lini, na kila akiuliza ananipa kitu nikuwekee. Soksi za sufu alizokufumia mwenyewe. Pakiti ya chai ya kwao. Mtungi wa achari ya pilipili. Kabati lako likajaa zawadi za mtu aliye kaburini, na mimi nikawa natazama kwanza kwenye tundu la mlango kabla ya kutoka kwenda kazini, kama mwizi.

Utasema kwa nini nisitumie simu. Nilitumia. Nikaandika maneno, simu ikayageuza, nikasimama mlangoni kwake na kidole juu ya kitufe. Haya zikanishika. Wewe ulikuwa ukisema habari ya msiba haitumwi mtu, mwenye msiba huipeleka kwa miguu yake. Sembuse kuituma simu. Nikampigia mwanawe aliye Hounslow, yule wa kazi za uwanja wa ndege. Akaniambia, "Dada, mwambie wewe. Mimi nitalia kabla yake." Mwanaume mzima.

Ndipo nikajiandikisha darasani. Mimi, kwa umri huu, kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa nyuma ya maktaba. Mwalimu ni binti mdogo mwenye subira ya kuudhi. Ez im, tu yî, ew e, mimi ni, wewe ni, yeye ni, tunaimba kama watoto wa chekechea. Kila kitu kwao ni kiume au kike, hata meza ni mwanamke. Nikataka kulalamika, nikazikumbuka ngeli zetu, nikarudi kuimba na wenzangu. Kitenzi nacho lazima kingoje mwisho: mimi chai nanywa. Wiki ya tatu nikauliza, tutajifunza lini kusema jambo lililokwisha kutokea? Akasema, hilo ni la muhula ujao. Nikamwambia, mwalimu, mambo yangu yote yameshatokea.

Akaniita pembeni baada ya darasa, nikamweleza. Akaandika mstari mmoja kwenye karatasi: Diya min çû rehmetê. Mama yangu amekwenda kwenye rehema. Akasema "amekufa" haliambiwi mtu mzima. Nikaitazama hiyo rehema, neno letu hasa, na mimi nimelihangaikia wiki nne. Ningekupigia simu hapohapo nikugombeze.

Jumapili alasiri nikagonga. Akafungua, akaanza zake: u hali gani, kazi, nyumba. Na mimi, mama, nikamkatisha. Maishani mwangu sijawahi kumkatisha mtu mzima katikati ya salamu. Nikausema ule mstari wote hadi neno la mwisho. Akauliza, lini? Nikamwonyesha vidole vinne, miezi minne, nikaionyesha kalenda yake ukutani. Akahesabu. Nikaona anavyofika kwenye ile siku ya ngazi, anavyoelewa kuwa niliposema hujambo ulikuwa ardhini tayari. Hakunitukana. Alifunga mlango polepole, mimi nikiwa nje. Nikajua nimekupotezea rafiki yako.

Kesho yake saa moja asubuhi ukabishwa mlango. Bi Zerifu, kitambaa cheusi kichwani, bilauri yake ya chai mkononi na sukari yake mfukoni. Akasema, "Serê te sax be," kichwa chako kiwe kizima, ndiyo pole yao, akanipita na kukaa kwenye kiti chako. Akakaa siku tatu. Kumbe na wao matanga ni siku tatu! Nikalazimika kuomba ruhusa kazini. Amepanga upya jiko lote, mpaka leo siioni mbuzi ya nazi. Alinikatisha vitunguu gunia zima. Akinitazama tu, ananijazia chai. Watu wetu wa Peckham waliposikia kuna Mkurdi ameniwekea matanga wakaona aibu, wakaja na masufuria, wote wale niliowaambia nikitoka Tanga kwamba sihitaji kitu, kesho nina shifti. Siku ya pili nikalia. Nililia sana, mama. Nikamwonyesha vitunguu, yeye akatikisa kichwa.

Siku ya tatu jioni akasimama mlangoni, akasema, "Bi xatirê te," akabaki pale ananitazama. Nikaenda kukichukua kidaftari. Umeandika ukurasa wa mwisho: "Anayekwenda aseme bi khatire te. Anayebaki aitikie okhir be, safari njema. Asipoitikia, mwenzake atasimama mlangoni." Nikamwitikia. Ndipo akavuka kwenda kwake.

Nilibaki nimekaa na kile kidaftari magotini. Siku ya safari yako, pale uwanjani, ulimaliza kugombana na mtu wa mizigo, ukanigeukia unacheka, ukaniambia bi khatire te. Mimi nikakwambia, nenda mama, utachelewa, mimi mwenyewe nimeacha gari mahali pabaya. Sikukuitikia.

Soksi nimevaa mimi, yeye ndiye aliyeniamuru. Muhula ujao naendelea na darasa, na kila Jumapili alasiri nitakunywa chai kwa Bi Zerifu, nikujulie mlikuwa mkicheka nini. Hiyo ni ahadi. Mbuzi nayo nitaitafuta.

Usisimame tena mlangoni, mama. Okhir be.

Mwanao,
Mwanahamisi